Bwana Shamba Atakunywa Baadaye

Pelagia wa Nyamihini hakuwa na ugomvi na miti. Kilichomchoma ni kuambiwa kwamba chemchemi aliyoilinda miaka kumi na minane haikuwa na mlinzi.

Bonde la Nyamihini, nusu siku kwa miguu kutoka Murungu, lililimwa maharage ya kiangazi na kaya thelathini na tisa, zote chini ya chama kisicho na jina wala muhuri. Sheria zake zilijulikana: jembe lisiingie ndani ya hatua hamsini kutoka kwenye chemchemi. Kila Jumanne ya mwezi wa sita mfereji unazibuliwa, na asiyefika zamu yake ya maji inarukwa, hata awe shemeji wa nani. Pelagia, mjane aliyeanza na matuta manne akafikia shamba la gunia kumi na mbili kwa jasho na mdomo wake mwenyewe, ndiye aliyepanga zamu. Mzee Tharsisi ndiye aliyepima hatua. Mikuyu ya pale juu haikuguswa, na maji hayakukatika hata mvua zikichelewa.

Mwaka sabini na nne ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakatolewa migombani mwao, wakapangwa mistari kando ya barabara. Mwaka uliofuata akaja Abdalah, Bwana Shamba kijana mzaliwa wa Tanga, na miche mia nne ya mikaratusi. Chanzo cha maji, alisema, kinataka msitu wa kisasa na kamati inayotambulika. Majina saba ya kamati alishayaandika. Katika hao saba hakuna aliyewahi kutia mguu kwenye tope la mfereji ule.

"Chama chenu kina katiba?" aliuliza mkutanoni.

"Kina mfereji," Pelagia akamjibu. "Twende nikuonyeshe."

Watu wakacheka. Abdalah naye akacheka, akaandika kitu.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wangelifanya watu wa bonde lile tu. Kwao, mgeni akishakunywa pombe yako ya ndizi, humpingi siku hiyo. Ukiwa na neno, unampelekea kesho asubuhi. Abdalah akapewa kata ya pombe, akanywa, akasema yake mpaka jua likashuka. Tharsisi aliwahi kuwa manamba, kibarua kwenye mashamba ya mkonge, hukohuko Tanga kwa kina Abdalah, na aliona kwa macho yake mikaratusi ikimaliza maji ya kisima. Akanyamaza. Wote wakanyamaza, kila mtu na neno lake la kesho.

Kesho yake walipofika alikolala, Abdalah alishaondoka alfajiri. Karatasi ilibaki kwa katibu wa kijiji, imeandikwa: wananchi wote wameafiki, hakuna aliyepinga.

Pelagia aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaenda wilayani, Kibondo, kwa miguu. Bwana Shamba yuko semina. Akaenda tena, yuko likizo. Safari ya tatu akaambiwa malalamiko yote yapitie kwenye kamati. Kamati ipi? Ileile iliyokwisha kulima nyanya hatua kumi kutoka kwenye chemchemi! Watu waliolinda maji tangu Abdalah angali mtoto wakaitwa hawana uwezo, eti kwa sababu hawana muhuri.

Kufikia sabini na nane mikaratusi ilizipita nyumba kwa urefu, na mfereji ulikuwa mkavu kuanzia katikati. Pelagia alivuna gunia mbili.

Ndipo Abdalah akarudi, mpole kuliko alivyoondoka. Wakubwa wangekuja Alhamisi kukagua mradi, na kamati ilipoita watu wa kuzibua mfereji, walifika watatu. Akaja nyumbani kwa Pelagia, akamkuta na Tharsisi na katibu.

Wifi yake Pelagia, kwa mazoea, akatoka na kata ya pombe. Pelagia akaifunika kwa kiganja.

"Rudisha ndani. Bwana Shamba atakunywa baadaye."

"Leo utaona kiu, mwanangu," Tharsisi akasema, "kama maharage yetu."

"Mama, naomba watu arobaini," Abdalah akasema. "Siku mbili tu."

"Unao. Toa kalamu."

Akamtajia: mikaratusi ikatwe, kisha visiki ving'olewe, nyanya za kamati zitoke, zamu zirudi kwa wenye mfereji. Na iandikwe kwamba mwaka ule walipinga.

"Hilo la mwisho litaniharibia kazi."

"Yangu umeiharibu misimu mitatu. Endelea."

"Basi niandike mlikuja kupinga asubuhi yake, mimi nikiwa nimeshaondoka."

"Ni kweli hivyo," Pelagia akasema. "Andika."

"Na miti tuikate baada ya ukaguzi. Wakubwa wanakuja kuona miti, mama."

"Kabla. Waje waone visiki, au waje waone mfereji usiozibuliwa. Chagua wewe uliyesoma."

Abdalah akaandika, kisha akatia sahihi. Katibu akasoma mara mbili, Tharsisi akatuma vijana chemchemini. Ndipo kata ikatolewa, na mgeni akanywa huku mashoka yakisikika kule juu. Siku hiyo hakuna aliyempinga tena. Hawakuwa wamebakiza neno.

Maji hayakurudi msimu ule. Pelagia alipanda matuta manne, kama alivyoanza. Karatasi yenye sahihi aliifungia kwenye chungu cha mbegu, na hakumshukuru mtu.