Namba za Kisima cha Shule

Aritita alishuka kwenye ndege ndogo katika kisiwa cha Onotoa akiwa amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na vishikwambi kumi na viwili, bamba la kuvichaji kwa jua, na kifaa kimoja chembamba mfano wa kalamu nene ambacho alikiomba mwenyewe chuoni kabla ya kuondoka Tarawa, kisiwa kikuu. Kilikuwa kipima chumvi ya maji. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, yuko mwaka wa mwisho wa ualimu, na mbele yake kulikuwa na wiki nane za mazoezi ya kufundisha. Wenzake walizoea kumtania kwamba hata akipelekwa kufundisha papa, ataanza kwa kuwapanga mstari.

Alipangiwa darasa la tano, chini ya Mwalimu Baraniko, mtu mpole aliyekuwa amefundisha kisiwani kwa miaka ishirini na minane na ambaye hakuwa na haraka ya kumsifu mtu. Malazi akapewa nyumbani kwa Mzee Tekoaua. Mzee huyu alikuwa mmoja wa wakubwa wa kijiji, na mtoto wake wa kwanza alikuwa baharia kwenye meli za kigeni. Miaka miwili nyuma baharia huyo alimletea baba yake pampu inayoendeshwa kwa jua. Tangu siku ile nusu ya kijiji ilikuwa ikichota maji bombani, na Tekoaua akipita njiani akina mama walimwita jina la utani, Bwana Mvua.

Somo la kwanza la Aritita halikwenda vizuri. Kwenye vishikwambi kulikuwa na mchezo wa kufundisha mazingira, wenye msitu, mlima na mto mchafu, na mtoto alitakiwa kuokota takataka mtoni kwa kidole. Watoto waliumaliza mchezo kwa dakika tano, wakapiga makofi, wakataka kurudia. Ndipo Tebwai, mjukuu wa Tekoaua, aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo maji yanayotembea yanatoka wapi?"

Aritita akaanza kueleza habari za mlima. Kitu kirefu kuliko vyote walichowahi kukiona watoto wale kilikuwa paa la kanisa. Alieleza mpaka akajikuta amechora mlima, wingu na mshale, na kengele ikalia. Mwalimu Baraniko, aliyekuwa amekaa nyuma, alisubiri watoto watoke.

"Wamefurahi," alimwambia. "Siku wakikutana na mto, watajua la kufanya."

Aritita alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Jioni ile aliufuta mchezo kwenye vishikwambi vyote kumi na viwili, akabakiza kamera na kinasa sauti. Alikuwa amekwisha kuona kitu cha kufundishia. Kijiji kilikuwa na visima kumi na tisa, kila kimoja na mwenyewe na historia yake, na watoto walivipita kila siku bila kuyatazama maji yale kama somo.

Akawagawa watoto watatu watatu. Kila kundi lilipewa kishikwambi na visima vya kwake. Kazi ilikuwa kupiga picha, kumwuliza mwenye kisima kilichimbwa lini na nani, kunasa sauti yake, kisha kuonja tone moja la maji na kukisia namba ya chumvi kabla ya kutumbukiza kipima. Ikiwa chini ya elfu moja, maji ni matamu. Ikipita elfu mbili na mia tano, ulimi wenyewe unaanza kulalamika. Katika wiki mbili hata watoro waliacha kutoroka. Bibi kizee mmoja alitaka asikilizishwe sauti yake mara nne, na kila mara akaikosoa kwamba imeruka jina la shangazi yake.

Namba zilipokusanywa, visima kumi na sita vilikuwa salama. Vitatu vilivyobaki, kati ya kanisa na shule, vilikuwa na chumvi, na kilichozidi vyote kilikuwa cha shule, elfu tatu mia moja na arobaini. Magimbi yaliyopandwa mashimoni upande ule nayo majani yake yalikuwa yameanza kuungua pembeni. Katikati ya visima hivyo vitatu, hatua thelathini tu kutoka cha shule, ilisimama pampu ya Mzee Tekoaua, inavuta tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, tangi limejaa, maji ya ziada yanamwagika mchangani.

Chini ya kisiwa kama kile maji matamu hayana mwamba wa kuyashika. Yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na ukiyavuta kwa pupa mahali pamoja, ya chini yanapanda. Aritita aliyajua hayo kutoka chuoni, na kwa furaha ya kuona kitabu kimekuwa kweli mbele ya macho yake, akafanya kosa. Aliwaacha watoto wachore ramani kubwa na kuibandika ukutani nje ya darasa, visima vitatu vimezungushiwa wekundu. Pampu ilichorwa na Tebwai mwenyewe, maana ndiye aliyejua kuchora. Ilikuwa Ijumaa. Hadi jua linatua, kijiji kizima kilikuwa kimeshaisoma, na Mzee Tekoaua alikuwa amesikia habari zake akiwa juu ya mnazi, kutoka kwa jirani aliyekuwa akigema mnazi wa pili.

Hakugomba. Asubuhi Aritita aliamka akakuta mlangoni pa kibanda chake ndoo ya maji imefunikwa vizuri kwa jani. Alipoyaonja, uso ulimkunjamana. Yalikuwa ya kisima cha shule. Wakati wa chakula mke wa Tekoaua alimwekea samaki na shelisheli peke yake, pembeni.

"Mgeni wetu hapendi maji ya pampu," mzee alimwambia mkewe, kwa sauti ya kumfikia aliyekusudiwa. "Tusimlazimishe."

Siku tatu aliletewa ndoo ileile. Shuleni Mwalimu Baraniko hakumlaumu, ila alimwuliza swali moja ambalo lilimkaa moyoni kuliko lawama: kabla ya kubandika, alikwenda kwa nani? Aritita alijibu kwamba namba zilikuwa sahihi. Baraniko akasema hakuuliza habari za namba.

Siku ya nne baada ya masomo alimkuta Tekoaua kwenye pampu, anafuta vumbi kwenye bamba la jua kwa shati kuukuu. Akaketi chini mchangani, mbali kidogo, akangoja mpaka mzee amalize.

"Nimekuja kuomba radhi, babu," alisema. "Nakula kwako, nalala kwako, na habari yako umeisikia nje. Nilikukosea."

"Kwa hiyo ramani umeitoa?"

"Sijaitoa."

Tekoaua akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Unaomba radhi na ramani umeiacha."

"Naomba radhi kwa namna nilivyofanya. Siwezi kuomba radhi kwa namba. Watoto wanakunywa kisima kile."

Mzee alikunja shati lake mara mbili, tatu. Kisha akaanza kusema, polepole, kama mtu anayehesabu mizigo. Alimweleza jinsi mama yake alivyobeba maji mpaka bega moja likawa chini ya jingine, na jinsi alivyomwandikia mwanawe barua akimwomba pampu badala ya pikipiki. Watu walimcheka wakati ule. Na sasa anakuja binti wa Tarawa na kijiti chake kumwambia pampu inakula kijiji.

"Pampu si mbaya, babu. Inavuta tu bila kupumzika."

"Unanifundisha maji ya kisiwa changu?"

"Hapana. Nataka tuyaulize wenyewe. Uizime wiki mbili, watoto wapime kila asubuhi."

Tekoaua aliinua macho kulitazama tangi lililojaa. "Nitaizima," alisema hatimaye. "Wiki mbili. Namba zisiposhuka, utasimama kwenye ukumbi wetu, kwenye maneaba, mbele ya watu wote useme ulikosea. Wewe, kwa mdomo wako. Si watoto."

Aritita akakubali bila kuomba muda wa kufikiri. Usiku usingizi ulimjia upesi, na yeye mwenyewe alishangaa.

Wiki ile ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Akina mama waliozoea bomba walirudia ndoo, na hawakuficha wanamshukuru nani. Alfajiri Aritita alikwenda kuwachotea, kwanza kwa haya, baadaye kwa sababu ilikuwa saa nzuri ya maongezi. "Mwalimu, kijiti chako kinabeba ndoo ngapi?" walimwuliza, na yeye akasema kinabeba maneno tu, ndoo ni za kwake. Wakacheka, wakamwonyesha namna ya kuvuta kamba bila kuchubuka viganja.

Namba lakini zilikuwa kaidi. Siku ya tano, elfu tatu na mia moja. Siku ya nane, elfu tatu na thelathini. Siku ya kumi usiku ikanyesha mvua kubwa, na asubuhi kipima kikasoma elfu mbili na mia sita. Darasa lilishangilia. Aritita alitamani kushangilia nao, akashindwa. Mvua ilikuwa imenyesha kisimani kama ilivyonyesha kila mahali, na mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

Asubuhi hiyohiyo ndege ilimleta Mwalimu Ruuta, mkaguzi kutoka chuoni, mwanamke mwenye miwani na daftari gumu, aje kumtahini. Somo lililoandaliwa lilikuwa la kutengeneza chati kwenye vishikwambi, limepangwa dakika kwa dakika. Ruuta aliketi nyuma pamoja na Baraniko. Kabla Aritita hajafungua mdomo, Mzee Tekoaua akaingia, akaegemea ukuta karibu na mlango. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

"Nimesikia namba imeshuka," mzee alisema. "Nataka kujua. Ni pampu au ni mvua?"

Aritita aliutazama mpango wake wa somo mezani, akaufunika. "Babu ameuliza swali la leo," aliliambia darasa. "Mimi silijui jibu lake. Tutalijuaje?"

Mkaguzi akaandika kitu. Mtoto mmoja akasema wangoje jua likaushe mvua. Mwingine akasema waombe mvua isinyeshe tena, darasa likacheka. Tebwai alikuwa ameinamia kishikwambi chake, anapitisha kidole juu na chini kwenye picha za visima. Akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Mvua imenyesha pote," alisema. "Visima vya mbali na pampu navyo vimenyeshewa. Tukavipime vile. Vikishuka sawa na chetu, ni mvua. Chetu kikishuka zaidi, basi mvua haiko peke yake."

Aritita alichukua kipima, akampa. Darasa zima lilitoka, mkaguzi nyuma yao na viatu vyake vinazama mchangani, na Tekoaua nyuma ya mkaguzi. Walizunguka zaidi ya saa moja na nusu. Visima vya mbali vilikuwa vimeshuka kidogo, sabini hapa, tisini pale. Vitatu vya wekundu vilishuka mia nne na zaidi, kila kimoja. Aritita alikuwa mwepesi kusema kwamba kisima chenye chumvi nyingi kina nafasi kubwa ya kushuka, kwa hiyo jibu halijatimia, na kwamba lazima waendelee kupima. Tekoaua alimtazama kwa makini aliposema hivyo. Huenda alitegemea kuona mtu anayeshangilia ushindi.

Siku ya kumi na nne, bila tone jingine la mvua, kisima cha shule kilisoma elfu mbili na mia mbili. Visima vya mbali vilikuwa vimeanza kupanda tena.

Jioni watu walikusanyika kwenye maneaba kwa mambo mengine. Tekoaua, akiwa amekaa mahali pa ukoo wake, aliomba nafasi. Alisema pampu itafanya kazi kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja alasiri, tangi likijaa inazimwa, na mjukuu wake ndiye atakayeshika ufunguo. Alisema kisima cha shule kisinywewe mpaka namba ifike elfu moja. Kisha akaongeza kwamba binti wa Tarawa ana ulimi mgumu ila macho yake hayadanganyi, watu wakacheka, na Aritita, aliyekuwa nyuma kabisa pamoja na akina mama, akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Asubuhi iliyofuata ndoo mlangoni pake ilikuwa na maji matamu.

Mkaguzi hakumpa alama za juu kabisa. Aliandika kwamba mtahiniwa aliacha mpango wa somo, alipitiliza muda kwa saa nzima, na vishikwambi vilitumika kama daftari tu. Aritita aliisoma taarifa mbele yake.

"Hilo la muda ni kweli, mwalimu," alisema. "Hilo la daftari naomba tulijadili."

Walilijadili mpaka uwanjani, mpaka ndege ikawashwa. Ruuta hakubadili alama. Alichokifanya ni kumwomba nakala ya ramani na ya sauti za wenye visima, akazitie kwenye mafunzo ya mwaka unaofuata.

Alipohitimu, Aritita aliomba mwenyewe kurudi Onotoa, akapewa shule ya kijiji cha kusini, kijiji chenye pampu tatu. Alifika Jumatatu. Wiki nzima ya kwanza sanduku la vishikwambi na kipima halikufunguliwa. Kila jioni alichukua mkeka mpya wa majani ya mkadi, wa zawadi, chini ya kwapa, akaenda kubisha hodi kwa mwenye pampu mmoja baada ya mwingine, akaketi, akauliza habari za watoto walioko melini.