Pikipiki Isiyohitaji Maombi

Naandika haya nimesimama, maana makalio bado yanauma. Mimi ni fundi wa pikipiki za umeme hapa Kasulu. Vihisi vya mota ya pikipiki ya mchungaji wetu viliungua, nikamfungia kontrola, kifaa cha kuiongoza mota, isiyovihitaji. Inasoma umeme unaozalishwa na sumaku zikizunguka. Mota ikisimama, kontrola haijui izungushe upande gani, kwa hiyo unaisukuma kwanza kidogo kwa miguu.

Jumapili waumini walitoka nje ya kanisa kuiombea pikipiki. Nikasema, "Hakuna haja, hii inajijua yenyewe."

Nikapanda. Niliona haya kusukuma mbele ya kwaya, nikazungusha ekseleta hivyohivyo. Kontrola ikabahatisha upande, tena vibaya. Nikaenda kinyumenyume hadi nikakalia ngoma ya kwaya, ikapasuka.

Mchungaji akavua miwani. "Fundi," akauliza taratibu, "sasa tunaruhusiwa kuomba?"