Saa Kumi za Ndege

Baba alipozidiwa, nilifunga cherehani yangu Nachingwea nikaenda kumuuguza kijijini kwetu Matambarale, Ruangwa. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa Guangzhou akisoma. Tulimpigia, akasema anatafuta tiketi.

"Kutoka huko aliko, ndege inachukua muda gani?" baba akaniuliza.

Nikatazama kwenye simu. Kutoka Guangzhou hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu nane, kama saa kumi angani. Nikamwambia hivyohivyo.

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kumbe si mbali! Mimi ujanani nilikuwa natoka hapa alfajiri na mzigo wa ufuta kichwani, nafika Nachingwea jua linazama. Basi atafika."

Akaomba kitanda chake kisogezwe mlangoni aone njia. Kila pikipiki ikipita, anainua kichwa. Sikupata moyo wa kumweleza habari za kuomba ruhusa chuoni, wala kwamba ndege ya moja kwa moja haipo kila siku. Mama naye akawa anampoza: "Yuko njiani, baba watoto."

Siku aliyopanda ndege kweli, baba alikata roho asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mama. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Alikuwa angani.

Alasiri, wanaume wakiwa wamerudi kutoka kuchimba kaburi, simu yangu ikaita.

"Dada, nimetua! Nipo Dar. Mwambie baba kesho nakula naye."

Nyuma yangu wanawake walikuwa wanalia, akasikia.

"Dada, nani analia?"

"Baba ametutoka, mdogo wangu."

Kisha akasema, "Mningoje. Nawaomba, mningoje."

Nikampelekea baba mdogo simu. Alimsikiliza, akajifuta uso kwa kanzu. "Mwanangu, basi ni la alfajiri, na kutoka Dar mpaka huku ni kutwa. Maiti hatumlazi. Tusamehe."

Tukamzika kabla ya magharibi.

Kesho yake jioni nilimpokea mdogo wangu stendi ya Ruangwa. Miguu ilikuwa imemvimba. Tukashikana tu, bodaboda wakatupisha. Nyumbani alipitiliza hadi kaburini, akakaa chini kwenye udongo mbichi, koti la baridi ya kule bado liko mabegani.

"Aliniulizia?" akasema.

"Kila siku."

Akatikisa kichwa. Mama akaja na maji ya kunywa, akaketi naye pale chini, na sisi wengine tukawaacha.