Kuku wa Bosi

Leo mchana nimekula nyama, na mpaka sasa najuta.

Mnakumbuka punda wetu Bosi alivyotumbukia kwenye ngolo, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko shambani, akavunjika mguu wa nyuma wa kulia. Wote mlisema achinjwe. Mimi daktari wenu wa darasa la saba nikakataa, nikamleta babu mmoja wa Namswea anayeunga mifupa.

Babu alimfunga Bosi vijiti vya mianzi. Halafu akachukua kuku, akamvunja mguu wa kulia, naye akamfunga vilevile.

"Mjukuu wangu, kuku akitembea, na punda atatembea. Mtunze sana."

Nikamtunza. Jana kuku kakanyaga chini! Nikawatambia kijiwe kizima.

Leo narudi kutoka Matiri nakuta katekista kaja kututembelea, mama kapika. Mimi tena? Nikawahi paja. Natafuna, meno yakagonga mfupa wenye nundu katikati.

"Mama, huyu kuku umemtoa wapi?"

"Si ndiye yule kilema wako. Ulitaka mgeni ale majani ya kahawa?"

Katekista akacheka sana. Mimi nikatoka mbio mpaka bandani.

Asubuhi nilimwacha Bosi amesimama. Sasa amelala, pumba hajagusa, ananiangalia tu mimi na mdomo wangu wa mafuta.

Nikampigia babu, nikamweleza. Akauliza:

"Ule mguu uliovunjwa kaula nani?"

"Mimi, babu."

Akakata simu.

Semeni kitu basi, wanakijiwe, hata kunicheka.