Mchoro wa Dada Yangu

Asubuhi hii barafu imeganda kwenye kioo cha gari langu hapa Mansfield, ugenini. Nimesimama nje na karatasi, nikinakili mistari yake kwa ajili ya kofia mpya, na vidole vinaniuma kama vilivyoniuma siku ile ya utotoni, kwetu.

Baba alileta bonge la barafu la kupozea vinywaji vya harusi, limefungwa gunia lenye maranda ya mbao. Mimi na dada yangu tuliambiwa tulisafishe kwa mikono. Ndani yake mlikuwa na mistari myeupe, myembamba kama nyuzi, ikitawanyika kutoka katikati. Mimi nililamba. Dada aliitazama, akaenda kuichora kwenye kitambaa cha kofia.

Shangazi yetu alikuwa mchoraji wa kofia. Wanawake wa mtaa mzima walishona alichochora yeye. Alikuwa akitafuta mtoto mmoja tu wa kumrithisha kazi. Akakiona kile kitambaa.

"Hii kachora nani?"

Dada alikuwa uani, nami nikawahi kujibu. "Mimi, shangazi."

"Wewe mlamba barafu? Muongo mkubwa!" Akamwita dada. "Eti mwanangu, ni kweli kachora huyu?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, naye hakuwa na huruma na mtoto muongo. Dada alinitazama, kisha akatazama fimbo ya baba.

"Ndiyo, shangazi. Ni yeye."

Basi shangazi akanichukua mimi. Dada alishona michoro yangu mpaka macho yakamwisha, na kila mtu alipousifu ule mchoro wa kwanza, mimi ndiye niliyesema ahsante.