Mkeka Uliopita Mlangoni kwa Zainabu

Jirani yangu Zainabu wa Msambweni ni mfanyabiashara, ila nyumbani kwake huwezi kununua hata kiberiti. Mguu ulimgomea tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na dunia yake sasa ni ukumbi na simu. Kwa simu hiyo huuza mikeka. Mteja akiagiza, yeye humpigia Bi Mbeyu, msukaji wa Vanga, naye huupakia mkeka garini uende moja kwa moja kwa mwenyewe. Zainabu haugusi. Mimi niliyekulia nyuma ya meza ya duka nilikuwa nikimwambia hiyo si biashara, ni mazingaombwe.

Mwaka huu Bi Esha wa Malindi aliagiza mkeka wa kumketisha bintiye siku ya harusi. Siku zilipokaribia akataka picha. Alikuwa amekwisha kutapeliwa na wauzaji wa simuni, na safari hii hakutaka kuaibika mbele ya wakwe.

Bi Mbeyu akakataa. "Mkeka wa biharusi haukunjuliwi, mwanangu. Wa kwanza kutandikiwa ni mwenyewe." Kwao ndivyo wafanyavyo tangu enzi za bibi zao.

Nilimshauri Zainabu atume picha ya mkeka mwingine, maana wengi ndivyo wafanyavyo. Akanitazama mpaka nikakosa pa kuweka macho. Kisha akamrekodia Bi Esha sauti:

"Shikamoo, mama. Mkeka wako sijauona, wala sitakudanganya kuwa nimeuona. Msukaji anasema haukunjuliwi kabla ya harusi. Ukiona moyo hautulii, utafute kwingine, nami sitaweka kinyongo."

Alijua fika kwamba Bi Esha akikataa, habari zitaenea na biashara itakufa, na pale ukumbini hakuna kazi nyingine inayomngoja. Jibu lilikuja baada ya alasiri. "Marahaba, mwanangu. Basi usikunjuliwe."

Gari la Vanga lilipita barabarani mbele ya nyumba, mkeka umefungwa gunia juu ya keria. Zainabu aliinua mkono kidogo, kama anayemuaga mtu wake.

Siku ya harusi Bi Esha alipiga simu ya video. Mimi na Zainabu tukainamia kile kioo kidogo. Kamba zikakatwa, mkeka ukatandikwa. Subhanallah. Wekundu ulikuwa ukiyeyukia kwenye zambarau, zambarau kwenye kijani cha majani mabichi, na huoni rangi moja inapoishia. Nimeuza vitu maisha yangu yote, sijaona kitu kikinyamazisha wanawake wa harusini namna ile. Zainabu alikuwa akilia waziwazi.

Akampigia Bi Mbeyu kumshukuru, maana simu ya bibi ni ile ndogo ya vitufe, haipokei picha. Bi Mbeyu hakungoja shukrani ziishe.

"Umetokeaje, mwanangu?"

"Kwani wewe hukuuona, bibi?"

"Nitauonaje? Ninashona ukanda mmoja wa ukili, ninauviringisha mkeka, ninashona ukanda mwingine. Nimetengeneza mikeka ya maharusi tangu nikiwa mwari, na hata mmoja sijauona umetandikwa."

Zainabu akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akaegemea ukuta, akaanza kumsimulia kutoka ukingoni, rangi baada ya rangi, polepole, asiruke hata mstari mmoja.