Kelele za ndani ya gari langu la viti viwili, na mama mkwe aliyekataa kupanda

Wakuu wa ukurasa huu, nawasalimu wote, wenye magari na mnaoyasubiri.

Nimesoma humu malalamiko ya mwenzetu ambaye gari lake linavuja mvua. Ndugu yangu, shukuru. Maji yanaonekana yanapoingilia. Mimi nilipigana na kitu kisichoonekana, tangu kiangazi mpaka mvua za vuli zikaanza kunyesha.

Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale niliposhindwa. Mwenye shaka aje Kongowe ya Kibaha aulize nyumba ya mwenye lori la mkaa. Hatapotea.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la pili, na mwalimu mwenyewe alishukuru. Nilianza na kuni za kichwani, nikaja kwenye baiskeli ya kubebea mkaa, na sasa nina lori linalokwenda Dar es Salaam na kurudi, jina langu mlangoni kwa rangi nyeupe. Sikurithi kitu. Hata jembe la baba alichukua kaka.

Basi kulikuwa na Mwingereza mmoja, meneja wa shamba la mkonge, alikuwa anarudi kwao. Akawa anauza gari lake dogo, lile la mashindano. Viti viwili, jekundu, limelala chini kama kenge, kioo cha mbele unakilaza ukitaka upepo.

Makarani walilitazama, wakakumbuka mishahara yao, wakaondoka. Mimi nililichukua siku hiyohiyo.

Kuanzia Ruvu mpaka Pugu hapakuwa na Mwafrika mwingine mwenye gari la namna ile. Kama alikuwepo, alikuwa amelificha.

Injini yake, wakuu, sina neno. Ukikanyaga mafuta unasikia mgongo unabanwa kwenye kiti. Tatizo lilikuwa ndani.

Ukitoka tu kwenye lami, ukaingia njia zetu hizi zenye mikunjo kama bati, lilikuwa linaanza. Kwanza tik, tik. Halafu kra-kra-kra. Halafu kama mtu anatikisa kijiko ndani ya kikombe. Ukipunguza mwendo kimya. Ukisimama useme sasa nitazame, hakuna kitu. Ukiondoka, ipo.

Lori langu linapiga kelele kama soko zima na sijawahi kulijali. Lori ni lori. Lakini gari umelinunua kwa ajili ya raha, halafu linakutafuna sikio kutoka nyumbani mpaka uendako. Nilikuwa nafika nimenuna. Watu wanalipigia makofi gari, mimi nashuka kama nimetoka kugombana.

Nikalipeleka kwa Luka, fundi wa Mkuza anayenitengenezea lori. Akakuta spana nyuma ya kiti. Nikasema tumemaliza.

Hatukumaliza. Ilifuata sahani ndogo ya majivu ya sigara. Kisha skrubu za dashibodi, ile ya mbao yenye saa zake nyingi. Ukinyamazisha moja, nyingine ambayo ilikuwa imejificha chini yake inapata nafasi ya kusema.

Hapa niingize jambo ambalo Luka hataki nilisahau. Jirani alinishauri nijaze sufi ndani ya milango. Mimi msufi ninao uani, nikaona ya nini kununua. Nikachuma, nikajaza mwenyewe mpaka milango ikavimba. Sikutoa mbegu.

Mjue sufi ikitikiswa mbegu zinashuka chini. Luka alipoufungua mlango alisimama tu anautazama.

"Mzee, hili si gari tena. Umetengeneza kayamba."

"Toa."

"Natoa. Lakini nikuulize, ulitaka ichezwe ngoma gani?"

"Luka, toa sufi."

Na panya walikuwa wameshaanza kuhamia.

Kwa kukosa dawa, nikawa nalipiga. Nikisikia mlio nanyoosha mkono, naipa dashibodi ngumi moja, au nagonga mlango wa abiria kwa kiganja. Linanyamaza kidogo, kama ng'ombe aliyechapwa. Mkono ukazoea, ukawa unakwenda wenyewe bila kuniuliza.

Sasa nije kwenye kiini cha habari yangu.

Mke wangu Zena alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilituponyoka, na siku ile mama yake hakuwepo. Hii ya pili ilipoingia mwezi wake, Zena hakutaka daktari wala maneno mengi. Alisema kitu kimoja. "Nataka mama."

Mama mkwe yuko Kisarawe. Anaitwa Bi Tatu, mwanamke wa heshima zake, magoti yamemchoka. Lori hawezi kulipanda. Kwa basi ni mpaka uzungukie Dar es Salaam, ushuke, utafute jingine, na safari ya mwisho aliyofanya kwa basi alifika miguu imevimba kama mihogo. Gari langu ndilo lililomfaa. Liko chini, unakaa kama unakalia mkeka.

Na alikuwa ameshalipanda mara moja, baada ya Idi, kuja kumtazama mwanawe.

Hiyo yenyewe ilikuwa shughuli. Mnajua desturi zetu. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai ubavu kwa ubavu, hawali pamoja, wakiwa na la kusema wanalipitisha kwa mtu. Sasa gari lina viti viwili. Mzee Shomari, mjomba wake Zena, ndiye aliyetoa ruhusa. Alisema dada yake Bi Tatu atajifunika kanga, atageukia mlango, mimi nitatazama mbele, na hakuna atakayefungua mdomo. Tulifika salama. Kelele siku ile zilikuwa za kutia wazimu, nikapambana nazo njia nzima. Lakini alipotaka kurudi kwao, akasema atapanda basi. Sikuuliza.

Basi safari hii nikampa dereva wangu wa lori ujumbe aupeleke Kisarawe, kwamba nakuja kumchukua mama. Jibu likarudi. "Mama anasema, kwa gari lile, hapana."

Zena alilia. Si kwa sauti. Alikaa upenuni ameshika kiuno, machozi yanatoka, anaendelea kuchagua mchele.

Na mimi nikaelewa, kwa akili zangu zote, kwamba ni kelele.

Wakuu, nililisimamisha lori, mkaa ukabaki porini. Mimi na Luka tukalifungua lile gari mpaka likabaki mifupa. Tukaweka vipande vya ngozi chini ya viti. Tukakata mpira wa ndani wa tairi, tukauvisha kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Kingo za mbao tukazipaka nta ya mshumaa. Luka mwenyewe alitoka jasho la kweli, na si mtu wa kutoka jasho kwa kazi ya mwingine.

Nililijaribu kwenda Zegereni na kurudi. Kimya. Nilikuwa nasikia saa yangu ya mkononi.

"Umemaliza?" Zena akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda. Sijui kama kesho itanikuta hivi."

Nikaenda Kisarawe kifua mbele. Nikamkuta Mzee Shomari anaanika korosho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Zena hajambo?"

"Hajambo, ila siku zimewadia. Nimekuja kumchukua mama. Gari limetengenezwa, halina hata mlio mmoja."

Akaingia ndani. Akakaa kitambo. Akatoka anajikuna kidevu.

"Dada anasema hapana."

Nimeacha mkaa porini, nimelala chini ya gari kama chura, halafu hapana. "Mjomba, si kelele? Kelele hakuna. Panda mwenyewe usikie."

Akapanda. Tukashuka mpaka bomani, tukageuza. Kimya kabisa. Watu wanapunga mikono, mzee anaitikia salamu kama yeye ndiye aliyelinunua. Nikaanza kutabasamu.

Tulipovuka mfereji karibu na sokoni, tik.

Mlango wa kushoto. Tik, tik, tik. Wakuu, nilitamani kulia. Kabla sijafikiri, kiganja kimeshagonga mlango, pa, pa.

Mzee Shomari aliacha kuitikia salamu. Kisha akasema polepole, "Mkwe, hicho nini?"

"Ni huo mlango, mjomba. Kuna kitu kimelegea."

"Siulizi mlango. Hiki hapa juu ya mapaja yangu."

Nikatazama. Mkono wangu, wakuu. Usukani uko kulia, abiria yuko kushoto, na ili niufikie mlango wake ni lazima mkono umpitie mapajani.

"Na siku ile na dada yangu ulikuwa unafanya hivi?"

Nilisimamisha gari.

"Njia nzima?"

"Kwenye mikunjo tu, mjomba."

"Kutoka hapa mpaka Kibaha, ni wapi pasipo na mikunjo?"

Nikaurudisha mkono upande wangu, nikaukalia.

"Na wa kushoto tena," akasema, akatazama nje.

Nilimweleza. Kwamba mkono ulikuwa unatafuta kelele, haukuwa na habari na mtu. Kwamba wakati huo simwoni hata aliyekaa, nasikia tik tu. Akasema hilo ndilo baya lenyewe.

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Aseme nini, amwambie nani? Mtu mzima ataanzaje kusema mkwe wangu ananipitishia mkono mapajani? Neno hilo likishatoka, wewe na Zena mtakaa wapi? Amesema hapandi. Kwake yeye alikuwa amemaliza kueleza."

Nimeshawahi kubishana na polisi, na karani wa mizani, na wazungu wawili. Pale niliwasha gari, nikamrudisha mjomba nyumbani.

Mzee Shomari akarudi ndani. Mimi nikabaki nje, mgongo kwa mlango, kama adabu inavyotaka. Nilimsikia anaongea, sauti ya chini. Nikasikia mwanamke anauliza kitu. Nikasikia jina la Zena. Sijawahi kusubiri bei ya kitu chochote jinsi nilivyosubiri pale.

Akatoka. "Anakuja, kwa ajili ya mwanawe. Mkono wako usivuke gia. Ukivuka, anashuka hapohapo, hata kama ni porini."

"Hautavuka."

"Siongei na wewe, naongea na huo mkono."

Akaweka kikapu cha mama mkwe katikati ya viti, kimejaa majani na mizizi ya dawa za mzazi. Bi Tatu akaja, amejifunika kanga mbili, akakaa, akageukia mlango. Nikatoa shikamoo nikitazama usukani. Akaitikia ametazama nje.

Hatujatoka hata Kisarawe, tik.

Wakuu, mimi nimebeba magunia nikiwa na homa, nikasukuma baiskeli kwenye matope usiku kucha. Safari hiyo iliyashinda yote. Mlio uko mlangoni, nusu hatua kutoka kwangu, na mkono wangu wa kushoto uko juu ya gia unavuta kama mbwa aliyeona paka. Tik, tik, tik. Nikabana meno. Nikaimba moyoni. Nikahesabu minazi. Jasho likaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta, nisije nikainua mkono akanielewa vibaya.

Tukaingia njia ya porini, mikunjo ikaongezeka, ikawa kra-kra-kra. Nikasema leo nitakufa na hii ndiyo sauti ya mwisho nitakayoisikia.

Halafu ikanyamaza.

Nikadhani masikio yangu yameziba. Gari linaruka vilevile, mikunjo ileile, kimya. Tukapiga shimo, ikalia mara moja, ikakatika.

Sikugeuza kichwa. Nilitupa jicho tu, kidogo. Bi Tatu ametazama nje, uso ndani ya kanga, na kiganja chake kimebana juu ya mlango, pale ulipo mkanda wa ngozi unaozuia mlango usifunguke sana. Tukipiga shimo mkono unaruka, tik. Anaurudisha. Kimya.

Aliubana hivyo mpaka Mkuza. Mpaka Kongowe. Nadhani ndiyo safari ndefu kuliko zote ambayo watu wawili wameshirikiana kazi moja bila kutazamana.

Zena alimsikia mama yake mlangoni akaanza kulia tena, safari hii kwa sauti. Alijifungua kesho yake, mchana. Mtoto wa kike, mzima, mapafu yake ukiyasikia unajua ni wa kwangu.

Baadaye Zena akaniita dirishani. "Mama anasema skrubu ya ule mkanda, ya juu, inazunguka."

"Alijua tangu lini?"

Akageuka akauliza ndani, akarudi. "Tangu safari ile ya baada ya Idi. Anasema ilikuwa mbele ya macho yake. Ila kila alipotaka kuishika, mkono wako unapita."

Nikachukua bisibisi. Nusu mzunguko, wakuu. Nusu mzunguko.

Nilichojifunza nawaachia. Kelele za ndani hazitafutwi ukiwa unaendesha. Ukiwa na abiria, mwache yeye aitafute, ndiye aliyekaa karibu nayo. Kama desturi haimruhusu kukwambia, tafuta mtu wa kati mapema kabla hujafungua gari zima. Na sufi itolewe mbegu.

Arobaini ikiisha nitampeleka mama mkwe kwao. Ameshamwambia Zena kwamba atapanda. Mlango wake sasa umetulia, lakini kuna mlio mpya chini ya usukani, upande wangu mwenyewe, kama mtu anatafuna mchanga. Huo naupiga nitakavyo, haumpitii mtu.

Ila bado upo. Aliyewahi kuupata na akauponya aandike hapa alifanyaje. Na wa kunishauri nirudi kwenye lori, nimeshamsikia, mke wangu alimtangulia.